Hisa: Ushirika au Kamari?

Mwenye kununua hisa huwa mshirika: hupata sehemu ya faida ya kampuni, na hubeba sehemu ya hasara. Ushirika huu ni halali, maadamu kazi ya kampuni ni halali na haisimami juu ya riba. Lakini wengi watakao shauri huuliza jambo moja tu: bei itapanda lini?

Huko Kuwait, katika Suq al-Manakh, hisa zilinunuliwa kwa hundi za tarehe za mbele, mara nyingi bila ya fedha benki. Mnunuzi alitumaini kuuza kwa bei ya juu kabla siku ya hundi haijafika. Soko lilipoanguka Agosti 1982, zilihesabiwa hundi zipatazo 29,000, za thamani ya dola bilioni 94 hivi. Naam, madeni yaliandikwa, kama ilivyoamrishwa katika Surat al-Baqara, aya ya 282. Lakini mwandikaji alijua hana cha kulipia.

Ama baba atiaye ada ya shule ya watoto katika hisa za uvumi, fedha hiyo ni haki ya wengine kabla ya kuwa mtaji wake. Akibakiwa na ziada, na asome hesabu ya mwaka ya kampuni. Asipoifahamu, amuulize aifahamuye, si jirani aliyepata faida jana.