Kibao mbele ya nyumba

Leo twataka kutafakari jambo linaloonekana dogo. Je, ni vema mtu kuandika mawazo yake mbele ya nyumba yake, ili kila apitaye njiani ayasome?

Huku kwetu Kongo si desturi sana. Lupango nyingi zimezungushiwa ukuta au miti, na ukuta wetu ukisema neno, mara nyingi wasema moja tu: nyumba hii haiuzwi. Sababu yake twaijua sote, ni ndugu wanaogombania urithi na matapeli wanaouza mali ya wenzao. Mawazo ya siasa twayavaa zaidi kuliko kuyaandika. Siku za uchaguzi sura ya mwenye kutaka kura huonekana kwenye kitenge na kwenye shati.

Marekani ni vingine. Huko, katika vitongoji vingi, nyumba haina ukuta upande wa barabara, ila uwanja wa majani yaliyokatwa vizuri. Katika majani hayo mwenye nyumba huchomeka kibao chepesi chenye miguu ya waya, nacho chataja jina la mtu ambaye yeye atampa kura, au chasema neno juu ya vita, wageni, rangi ya watu.

Mwaka 1990, katika mji mdogo wa Ladue, karibu na St. Louis, mama mmoja aitwaye Margaret Gilleo alisimamisha kibao cha kukataa vita vya Ghuba. Kibao kikapotea. Akaweka cha pili, kikaangushwa chini. Akaenda kwa polisi kushtaki, kumbe polisi wakamwambia kwamba vibao vya namna hiyo vimekatazwa! Wakubwa wa mji walitaka mji upendeze, na nyumba zisipoteze bei yake. Vibao vichache tu viliruhusiwa, mojawapo kile cha kutangaza kwamba nyumba inauzwa. (Kwetu ni kinyume kabisa.) Mama huyo akaenda mbele ya tribinali, na baadaye akabandika dirishani karatasi ndogo ya kuomba amani. Wakubwa wa mji wakatunga sheria mpya iliyokataza hata karatasi hiyo. Mwaka 1994 Tribinali Kuu ya Marekani ikampa mama haki, na waamuzi wote tisa walikuwa na shauri moja.

Mwamuzi John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alitoa sababu ambayo yafaa tuifikiri. Kibao cha mbele ya nyumba si sawa na gazeti wala tangazo la barabarani, kwani chaonyesha pia ni nani anayesema. Neno la amani mbele ya nyumba ya jenerali mzee aliyepigana vita lina uzito mwingine kuliko neno lile lile katika dirisha la mtoto wa miaka kumi. Ndivyo ilivyo. Asemaye mbele ya mlango wake ameweka jina lake, watoto wake na vioo vya madirisha yake kuwa dhamana ya neno lake.

Lakini vipi ikiwa neno si lake? Václav Havel, aliyekuwa baadaye Rais wa Chekoslovakia, aliandika mwaka 1978 habari ya muuza mboga aliyeweka dirishani, kati ya vitunguu na karoti, maneno ya chama juu ya umoja wa wafanyakazi wa dunia. Muuza mboga hakufikiri hata kidogo juu ya wafanyakazi wa dunia. Aliletewa maneno hayo pamoja na vitunguu, akayaweka ili aachwe salama. Maana yake halisi ilikuwa: naogopa, kwa hiyo natii. Wazee wetu hawahitaji kwenda Chekoslovakia ili kufahamu jambo hilo. Katika miaka ya M.P.R., iliyoundwa mwaka 1967, wengi walibeba sura ya Mobutu kifuani, na moyoni lilikuwamo neno lingine.

Basi tusiseme upesi kwamba kunyamaza ni unafiki na kutangaza ni ukweli. Mara nyingine ni kinyume chake. Wala hofu haitoki kwa serikali peke yake. Tangu mwaka 2016 vimeenea Marekani vibao vinavyoorodhesha mambo ambayo watu wa nyumba fulani wanayasadiki, kama vile kwamba maisha ya watu weusi yana thamani, na kwamba sayansi ni ya kweli. Wengine wakatengeneza vibao vya kuwapinga, kwa mfano ule ule. Katika barabara ambapo nyumba kumi zina kibao kimoja, ya kumi na moja imekiweka kwa sababu gani? Twaona hapo muuza mboga amerudi, ingawa hakuna polisi.

Mtu atatuambia: chema chajiuza, kibaya chajitembeza; mwema aache matendo yake yaseme. Hatukubali neno hilo lote. Mama wa Ladue hakuwa na tendo lingine la kuzuia vita mbele ya majirani zake. Hata faida ya kura ni ndogo: wataalamu waliofanya majaribio manne, na kuyatangaza mwaka 2016, waliona kwamba vibao huongeza kura kwa wastani wa sehemu 1.7 hivi katika 100. Tena kibao kina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hakijibiwi. Chasema usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa amelala. Kwa hiyo twaona kwamba mwenye kukisimamisha amejitwalia deni la kumfungulia mlango jirani anayekuja kubisha.

Mwaka 2015 kanisa moja la Wamenoniti huko Harrisonburg, Virginia, liliweka kibao chenye kusema: popote utokapo, twafurahi kwamba wewe ni jirani yetu. Hicho chamsemesha apitaye, hakihesabu sifa za wenye nyumba. Kiliandikwa kwa Kihispania, Kiingereza na Kiarabu, kikaigwa katika miji mingi. Katika mwaka wa serikali wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, kuliko wa nchi nyingine yoyote. Wengi wao husema Kiswahili, na lugha hiyo haikuwa juu ya kibao cha kwanza. Mtu wa Uvira au wa Fizi aliyepita hapo ilimpasa kupiga hodi na kuuliza kimeandikwa nini.