Mahali Palipochaguliwa na Mwingine

Katika maisha ya mwanadamu mambo anayoyachagua mwenyewe ni machache, na yale anayoyakuta yamekwisha kuchaguliwa ni mengi. Jina lake hulikuta, lugha yake huikuta, na mlango wa nyumba aliyozaliwa huukuta ukitazama upande fulani wala hakuulizwa kama aliupenda upande huo. Hili si jambo la kulalamikia. Kama kila mtoto angalilazimika kuanza kwa kutunga lugha yake, hapana ambaye angalifika umri wa kusema. Walakini kukubali kweli hiyo hakuliondoi swali moja: jambo lililochaguliwa na mtu asiyekuwapo, kwa ajili ya mtu asiyeulizwa, lina haki gani juu ya huyu wa pili? Je, akikaa kimya, amekubali? Na akitaka kulibadili, anawiwa nini na wale waliokwisha kulizoea?

Swali hili ni kubwa, na aghalabu swali kubwa huonekana wazi zaidi katika jambo dogo, kama tone moja la damu litoshavyo kumwonyesha tabibu hali ya mwili mzima. Jambo dogo tulichukualo hapa ni mahali ambapo kompyuta huiweka kazi ya mwandishi wa programu.

Mwandishi wa programu hutumia zana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mfano wa karakana yenye meza, nyundo na taa. Anapoanzisha kazi mpya, zana humpendekezea kabrasha la kuiwekea, na asipotamka neno, kazi huwekwa humo. Visual Studio, tangu toleo la mwaka 2017, huiweka katika kabrasha la mtumiaji, ndani ya diski C. Matoleo ya kabla yake yaliiweka katika kabrasha la nyaraka. Android Studio hutengeneza kabrasha liitwalo AndroidStudioProjects, na IntelliJ IDEA huwa na lake liitwalo IdeaProjects. Pendekezo la namna hii huitwa chaguo-msingi. Jina hilo ni zuri, lakini lina ujanja kidogo ndani yake. Neno chaguo humfanya msikiaji adhani kuwa yuko aliyechagua. Na kweli yuko, ila si yeye.

Tukilichunguza pendekezo hilo, tutaona kuwa si mahali tu. Ni picha ya mtu. Aliyeliweka alimwona mtumiaji mmoja mwenye kompyuta yake peke yake, ambaye jina la kuingilia katika mashine ni jina lake, na ambaye diski yake ina nafasi ya kutosha. Kwa mtu huyo, kabrasha la mtumiaji ndilo mahali pafaapo kuliko pote. Sasa tuichukue zana hiyo tuipeleke Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, tumpe mwanafunzi anayejifunza katika mashine itumiwayo na watu wengi kwa jina moja la kuingilia. Kila mmoja akikubali kila alichopendekezewa, kazi za wote huangukia kabrasha moja. Hata majina ya kazi yamependekezwa na zana: ConsoleApp1, ConsoleApp2, ConsoleApp3. Huyu hufungua kazi ya mwenziwe akidhani ni yake, huandika juu yake, huihifadhi, huondoka. Mwizi hapana, na mali imepotea.

Tena iko siku ambapo mashine huanza kulemewa, na fundi huitwa aje "kupiga windo", yaani kuufuta mfumo wa zamani katika diski C na kuweka mpya. Kilichokuwamo C, kama hakikunakiliwa kwanza, huenda na maji. Kilichokuwamo D husalia. Kwa sababu hiyo mafundi wa mitaani huwashauri wateja wao waweke kazi zao katika diski D. Shauri hilo limezaliwa na maisha ya mahali hapa, halikutoka katika karakana ya mtengenezaji. Si kinga kamili, kwa kuwa D aghalabu ni chumba kingine tu cha diski ile ile, na diski ikifa vyumba vyote hufa pamoja. Walakini ni shauri la mtu anayejua jinsi mashine zinavyotumiwa kwake. Mtengenezaji hakuwa mwovu. Alimtazama jirani yake, akamwekea mahali pamfaapo. Upungufu wake ulikuwa kumdhania jirani huyo kuwa ndiye ulimwengu.

Je, mwanafunzi aliyebonyeza bila ya kusoma alikubali? Waswahili husema kuwa kimya nacho ni jibu. Ni kweli, lakini jibu la swali gani? Kimya cha mtu aliyeulizwa, akaelewa, akaweza kukataa bila ya kudhurika, ni jibu. Kimya cha mtu asiyejua kama ameulizwa si jibu la kitu chochote. Ni kimya tu. Basi ili kimya kihesabiwe ridhaa yatakiwa mambo matatu: ujuzi wa kuwa liko jambo la kuchagua, uwezo wa kuchagua jingine, na gharama ya kuchagua isiyozidi nguvu za mchaguzi. Likikosekana moja, anayekiita kimya kuwa ridhaa ajitwalia kibali asichopewa.

Nguvu ya kimya ilipimwa katika jambo zito kuliko kabrasha. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya juu ya kutoa viungo vya mwili baada ya kufa. Katika Ujerumani, ambako aliyenyamaza alihesabiwa kuwa hakukubali, waliohesabiwa kuwa wamekubali walikuwa asilimia 12. Katika Austria, ambako aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali, walikuwa asilimia 99.98. Nchi hizi mbili zinapakana na watu wake husema lugha moja. Ni vigumu kusadiki kuwa huruma ya Waaustria ilikuwa mara nane ya huruma ya Wajerumani. Kilichotofautiana sana ni tafsiri ya kimya. Na aliyeishika tafsiri hiyo alishika kitu kikubwa kuliko alivyodhaniwa.

Yamkini msomaji atasema: basi mtengenezaji asimchagulie mtu lolote, amwulize kila kitu. Shauri hili huonekana la haki, lakini halitekelezeki. Eclipse humwuliza mtumiaji kila inapofunguliwa ni mahali gani atakapofanyia kazi. Na ndani ya dirisha lile lile la swali mahali pamekwisha kuandikwa, na kando yake pana kisanduku cha kuomba kutoulizwa tena. Hata aulizaye hulazimika kupendekeza, na aulizwaye sana huchoka kujibu. Kuchagua kila jambo ni mzigo usiobebeka. Chaguo-msingi jema ni rehema kwa mgeni: humruhusu aanze kazi leo na kujifunza undani wake kesho. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutuchagulia. Twaweza kumwuliza alimfikiria nani alipochagua, na kama aliuacha mlango wazi.

Hapa twafika penye uzito wa jambo. Mara nyingi anayenyamaza siye anayelipa. Aliyeiweka zana katika mashine ya darasa ndiye aliyeyakubali mapendekezo. Anayepoteza kazi ni mwanafunzi aliyekuja miezi sita baadaye. Katika mashine hasara hiyo ni ya juma moja au la muhula mmoja. Katika nyumba za watu ni ya maisha.

Mwaka 1963 sheria za mila za makabila ya Tanganyika yenye kufuata ukoo wa baba zilikusanywa na kutangazwa kwa maandishi. Katika urithi, mwana wa kiume aliwekwa mbele ya binti, na mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Ilidhaniwa kuwa watoto wake watamtunza kama yeye alivyowatunza. Sheria hiyo ilikuwa na mlango: mtu aliweza kuandika wosia. Asipoandika, kimya chake kilijazwa na kanuni. Tazama sasa ni nani aliyenyamaza na ni nani aliyelipa. Mume ndiye aliyekuwa na kalamu, na mke ndiye aliyetolewa nyumbani. Kanuni hiyo nayo ilikuwa na picha ya mtu ndani yake: mjane mwenye watoto wakubwa, wema na wenye uwezo, katika ukoo wenye huruma. Kwa mjane wa namna hiyo huenda isiwe na madhara makubwa. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, ambao hawakuwa katika picha hiyo, walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliuona ubaguzi uliokuwamo katika kanuni, lakini haikukubali kuifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kuwa haki zao zilivunjwa. Kumwambia mjane kuwa mlango wa wosia ulikuwa wazi ni kweli isiyomsaidia, maana ufunguo wa mlango huo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kutokana na haya yapatikana kipimo cha kuhukumia machaguo ya namna hii. Chaguo ambalo madhara yake humpata yule yule awezaye kulibadili ni jambo la busara yake. Chaguo ambalo madhara yake humpata asiyeweza kulibadili ni jambo la haki, na aliyeliweka hawezi kujificha nyuma ya kimya cha mtu wa tatu.

Baada ya kujua hayo, mtu mwema atataka kubadili. Kubadili nako kuna adabu yake. Katika zana tulizozitaja, mtu huingia katika mipangilio, huandika mahali papya, hukubali, na kazi imekwisha kwa muda mfupi. Lakini badiliko hilo hushika kazi zitakazoanzishwa baadaye; zilizotangulia hubaki zilipokuwa. Anayedhani amehama hugundua kuwa ameelekeza njia mpya tu, na mizigo yake ingali katika nyumba ya zamani. Akiihamisha kwa mkono, baadhi huvunjika, kwa kuwa ndani yake ziliandikwa njia za mahali pa kwanza. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mfano. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kutwaa sehemu za Shinyanga na Mwanza. Na hati iliyoandikwa Bariadi kabla ya hapo hutaja Shinyanga mpaka leo. Ramani hubadilika kwa tangazo, lakini makabati hayabadiliki kwa tangazo.

Nchi hii imekwisha kujifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya Watanzania walihamishwa kutoka kaya zilizotawanyika wakawekwa pamoja. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji kwa wote, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini Usukumani palikuwa na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Watu walihama, na ngitili haikuweza kubebwa kichwani. Nyingi zilibaki mbali na wenyewe, zikakosa mwangalizi, na ardhi ikazidi kuwa tupu. Mwaka 1986, wakati nchi ya Bariadi, Maswa na Meatu ilipokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Miongoni mwa mambo yaliyoufanikisha ni kuirudia desturi ya wenyeji na kuipa nguvu, na ngitili zikafufuka kwa maelfu na maelfu ya hekta. Waliobadili kwanza waliuliza watu wakae wapi. Waliobadili baadaye waliuliza watu walikuwa wameweka nini pale walipokuwa wakikaa.

Liko pingamizi moja ambalo halifai kupitwa. Kama kila mmoja atabadili kwa apendavyo, mahali pa pamoja patatoweka: mwalimu hataijua kazi ya mwanafunzi ilipo, na fundi atafuta asichokijua. Mwacha mila, wasema wahenga, ni mtumwa. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake si kuacha kubadili. Ni kubadili hadharani. Darasa likikubaliana kuwa kila mwanafunzi awe na kabrasha la jina lake katika diski D, nakala iwekwe nje ya mashine hiyo kila juma, na mapatano hayo yabandikwe ukutani, litakuwa limeweka chaguo-msingi jingine, lenye picha ya watu waliomo darasani. Mila yenyewe haikushuka namna nyingine. Kila desturi tuionayo ya kale ilikuwa siku moja badiliko ambalo watu walilijua na kulikubali.

Herufi C inatufundisha mwisho wa mambo yasiyoulizwa. Diski kuu iliitwa C kwa sababu A na B zilikuwa za diski laini za kuchomeka. Diski hizo zimetoweka mezani, vijana wengi hawajaziona, na herufi ingali ikihesabiwa kutoka ya tatu. Hapo hapana madhara, nasi twaweza kuiacha. Lakini ziko herufi C nyingine katika sheria, katika shule na katika nyumba, ambazo sababu yake imekufa na mzigo wake ungali hai mgongoni mwa mtu. Hizo haziondoki kwa kungojwa. Arithiye mahali palipochaguliwa na mwingine na ashukuru kwanza, kwa kuwa alikuta pa kuanzia; kisha na aulize palichaguliwa kwa ajili ya nani; na akiona kuwa yuko anayeumia asiyeweza kupabadili, basi yeye awezaye ndiye mwenye deni.