Kubana na Kubanwa

Kiazi cha michembe hakikatwi siku kilipochimbwa. Huachwa kwanza siku mbili tatu kinyauke, ganda lilegee na utamu ukolee. Ndipo humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya jiwe au jamvi mpaka vikakamae. Bibi yangu, ambaye mji wake, yaani kaya yake, ulikuwa Kiloleli, alipima ukavu wa michembe kwa sikio. Alichota kiganjani, akaitikisa, akasikiliza. Kama haikulia mlio wa vigae, alinirudishia ungo: "Hii bado ina maji, mume wangu. Irudishe juani." Mume wake huyo nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa niliyekwenda likizo, na kazi niliyopewa ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi.

Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Leo nina nyumba yangu mjini Mwanza na daftari la matumizi ambalo halijawahi kupatana na mfuko, na kinachonishangaza zaidi katika kumbukumbu ile ni mwezi wenyewe. Ilikuwa Julai. Mwezi huo Usukumani, kama mvua zilinyesha vizuri, hakuna mji unaolia njaa. Mtama na mahindi viko kihengeni, viazi vimejaa matutani, pamba imeshapimwa au inangoja mizani. Ni majira ya harusi na ngoma. Katikati ya shibe hiyo bibi alikaa chini ya mwembe tangu asubuhi, kisu mkononi, akikata viazi vya kuliwa Februari, wakati kihenge kimeshuka na mahindi mapya bado hayajakomaa. Hakuna aliyemlazimisha. Bibi wa Julai alikuwa akimwandalia chakula bibi wa Februari.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja: kubana na kubanwa. Tofauti yake ni herufi moja tu, na kwa miaka mingi mimi nilidhani nabana matumizi, kumbe nilikuwa nabanwa. Mshahara ukiingia nilinunua bila kuhesabu. Ilipofika tarehe ishirini nilipunguza nyama, nikaacha daladala nikatembea, nikajisifu kwamba najua kujinyima. Hapo hapakuwa na sifa yoyote. Pesa iliisha, nami nikafuata. Anayebana huamua akiwa bado na uwezo wa kuamua vinginevyo. Anayebanwa ameshaamuliwa. Matendo yao kwa macho yanaweza kufanana kabisa, sahani ya dagaa ni sahani ya dagaa, lakini mmoja anakula akiwa bwana wa nyumba yake na mwingine anakula akiwa mateka.

Kiloleli ni kata ya Wilaya ya Busega, wilaya inayopakana na Ziwa Victoria. Mpaka 2012 tulihesabiwa Mwanza, chini ya Magu. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Simiyu, makao yake makuu Bariadi, nasi tukahamia huko bila kubeba hata chungu. Simiyu inaongoza nchini kwa pamba, na pamba ina tabia moja ambayo mtu wa mshahara haijui vizuri: pesa yake huja mara moja kwa mwaka. Mkulima hupanda kuelekea mwisho wa mwaka, hupalilia, hupulizia, huchuma, na kuanzia Mei au Juni ndipo mizani hufunguliwa. Kiasi kinachoingia siku hiyo kinapaswa kununua sare za watoto, kulipa deni la dukani, kuezeka bati, kuuguza wagonjwa ambao bado hawajaugua, kwa miezi kumi na miwili. Ukitaka kujua bajeti ni nini, usiende kwa mhasibu. Nenda kwa mama wa Kisukuma jioni ya siku ya malipo ya pamba.

Nilichokiona kwa bibi na kwa majirani zake ni kwamba hawakuiamini pesa katika umbo la pesa. Noti ya elfu kumi ikishavunjwa haina mwenyewe. Chenji hupita vidoleni kama maji ya ungo. Kwa hiyo waliiwahi na kuigeuza. Mbuzi wawili, mtamba mmoja, mbegu za dengu za kupandwa mbugani mvua zinapokwisha, maana udongo mweusi wa mbuga hushika unyevu na dengu hukua kwa unyevu huo huo bila kuomba mvua nyingine. Watu husema ng'ombe ni benki ya Msukuma, lakini naona msemo huo unapunguza maana. Faida kubwa ya mtamba ni kwamba hakatiki. Huwezi kumvunja upate soda na vocha. Ili auzwe lazima watu wa nyumba wakae, waseme, wabishane, apelekwe mnadani, na mara nyingi katika kubishana huko shida yenyewe hupatiwa njia nyingine. Bibi alikuwa amejiwekea ugumu kwa makusudi kati ya tamaa na mali. Kiazi kibichi huoza, michembe hungoja. Pesa mkononi huyeyuka, mbuzi huzaa. Hekima yote ya mji ule niliiona katika kujua kitu kigeuzwe lini, na kiwe nini.

Msimu wa 2019 wakulima wengi wa pamba wa Kanda ya Ziwa walisubiri malipo yao kwa miezi. Pamba ilishachukuliwa, karatasi za mizani ziko mfukoni, pesa haionekani. Nilikwenda nyumbani kipindi hicho. Miji iliyokuwa imeweka kila kitu katika pamba ilikuwa na uso mmoja, na miji yenye dengu, michembe na mbuzi ilikuwa na uso mwingine. Wote walikuwa na haki ya kukasirika, na wote walikasirika. Lakini wa kundi la pili waliweza kudai haki yao wakiwa wamesimama. Yule asiye na kitu kihengeni alikuwa tayari kuuza karatasi yake kwa nusu ya thamani kwa mtu yeyote mwenye fedha taslimu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba akiba hununua kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni uwezo wa kusema "hapana, nitangoja".

Uwezo huo una jina, kujitegemea, neno ambalo sisi Watanzania tunalijua tangu shule. Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 lililiweka katikati ya siasa ya nchi, na likasema waziwazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Kwamba msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Naliheshimu sana azimio lile. Lakini baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliliomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi ile ikazaa miaka. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Hunisimulia foleni za sukari kwenye duka la kaya, nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, katambuga za matairi miguuni, na ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa rangi yake. Wapo wanaoisimulia miaka ile kwa hamu, kana kwamba umaskini ulitufanya watakatifu. Mama hasimulii hivyo. Anasema walikuwa wabunifu kwa sababu walikuwa wamekabwa, na angefurahi zaidi kuwa mbunifu mwenye sabuni. Namwamini. Kuchanganya subira ya aliyechagua na subira ya aliyekosa ni kosa, na linauma zaidi linapofanywa na mtu aliyeshiba.

Ndiyo maana sipendi mahubiri ya kuweka akiba yanapoelekezwa kwa mtu anayelipwa kwa siku. Mama lishe wa pale mtaani kwangu hununua mafuta ya kula kwa kipimo cha chupa ndogo, unga kwa kilo moja moja, mkaa kwa kopo. Ukijumlisha vipimo vyake vya mwezi mzima, amelipa zaidi ya mimi ninayenunua dumu na gunia. Anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Kila siku anaipiga. Anachokosa ni Julai. Hana mwezi hata mmoja wa shibe ambao angeukatia viazi. Mtu wa namna hiyo haponi kwa kuambiwa abane. Huanza kupona siku kikoba chake, kikundi cha akiba, kinapomgawia, akapata kwa mkupuo fedha ya kununua dumu zima. Hiyo ndiyo Julai yake, na wenzake ndio waliomtengenezea.

Hapa nafika mahali ambapo neno kujitegemea hunitatiza. Usukumani kuna kitu kinaitwa ngitili. Mvua zinapoanza, mtu au kijiji huchagua eneo la malisho na kulifunga. Nyasi zinaachwa ziote na kurefuka bila kuguswa. Kiangazi kikikolea, malisho ya nje yakiisha, ngitili hufunguliwa na ng'ombe dhaifu, ndama na maksai wa kulimia huingizwa kwanza. Ni michembe ya ng'ombe. Nyasi zinahifadhiwa mahali pale pale zilipoota, kwa njia ya kutozigusa tu.

Ngitili haina ua. Hakuna senyenge, mara nyingi hata mlinzi hakuna. Mpaka wake huwa mti fulani, kichuguu, njia ya mguu, na kila mchungaji, hata mtoto, anaujua. Anayevunja mpaka huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na hutozwa faini. Kwa hiyo akiba ya mwenye ngitili imelazwa wazi mbele ya ng'ombe wenye njaa wa jirani, na kinachoizuia isiliwe ni mapatano ya watu. Mwanakijiji anayejivunia kujitegemea kwa sababu ng'ombe wake wamevuka kiangazi anategemea, kila siku ya kiangazi hicho, uadilifu wa watoto wa wenzake.

Mapatano hayo yaliwahi kuvunjika. Enzi za ukoloni mapori yalifyekwa ili kumwondoa mbung'o na kupanua mashamba. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Miti ikaisha, nyasi zikaisha. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Shinyanga ile ya zamani bado ikiwa na Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo leo ni Simiyu. Mradi ulifika mbali pale ulipoacha kuwaletea wananchi miche na badala yake ukaisimika upya ngitili waliyokuwa wakiijua wenyewe. Malaki ya hekta yakarudi kijani, mengi kwa kuyaacha yajiotee. Visiki vilikuwa hai ardhini muda wote, vikihitaji watu wakubaliane tu kuvipa nafasi.

Habari hii ya ngitili naipenda kuliko yote niliyoyataja, lakini siwezi kuandika juu ya kubana matumizi nikanyamazia upande wake mwingine. Katika nyumba nyingi zinazosifiwa kwa kubana, yupo anayebana na yupo anayebanwa, na wa pili ni mwanamke. Sikuwahi kumwona bibi akichukua kipande cha kwanza cha samaki. Alikula baada ya wote, akikwangua chungu, akisema ukoko ndio utamu wenyewe. Mimi mtoto niliamini. Nimewaona pia wanaume wanaomhesabia mke chumvi na viberiti, halafu siku ya mnada wakarudi usiku wakipepesuka, na mbuzi hawapo. Mwanaume huyo habani kitu, anambana mtu. Kama kujinyima kuna maana yoyote ya heshima, basi lazima mwenye kujinyima awe ndiye aliyekaa kwenye kikao kilichoamua, na anayekula kidogo awe na sauti juu ya kitakachonunuliwa kwa kile kilichosalia. Siku hizi kwangu daftari la matumizi hukaa mezani, na mke wangu ndiye hushika kalamu. Tunaanza kulifungua mshahara ukiwa bado mzima.

Bibi alifariki Februari. Msimu huo vuli ilikuwa haba na miji mingi ilikuwa inanunua unga. Msiba wa Kisukuma hujaza watu. Wengine walitoka Lamadi, wengine Magu, na waombolezaji hawaulizwi walikuja na nini. Wanawake wa jirani walileta kuni na maji, ndipo mmoja wao, aliyeijua nyumba ile kuliko sisi wajukuu, akaingia ndani akatoka na gunia. Michembe ilichemshwa ikachanganywa na karanga zilizotwangwa, na watu wote waliolala nje usiku ule walikula viazi ambavyo bibi mwenyewe alivikata Julai. Gunia la pili tulilifungua baada ya kumaliza matanga. Nilichota kiganjani, nikatikisa. Bado ilikuwa inalia kama vigae.