Alimgusa Kwanza

Andiko: Marko 1:40–42

Yule mwenye ukoma alipomwendea Yesu, hakuulizwa ugonjwa aliutoa wapi. Aliguswa kwanza, halafu akatakasika. Tukae hapo kidogo.

Huduma yetu ya magereza hupeleka sabuni, pedi na tishu. Tunaimba, tunaomba, tunarudi nyumbani. Ni vyema, Mathayo 25 inatuagiza hivyo. Lakini kuna jambo ambalo hapa kanisani hatulitaji. Jela watu hulala wamebanana, wembe mmoja hunyoa wengi, na usiku kuna mambo hutendeka. Mwingine hukubali kwa sababu ya chakula au mahali pa kulala. Mwingine hakukubali kamwe, alilazimishwa, na anaogopa kusema asije akahesabiwa mshiriki, maana Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kina miaka 14. Kwa kimya hicho kaswende, kisonono, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B hupita. Na si wote walio ndani wana hatia. Yusufu mwenyewe alifungwa kwa kesi ya uongo, tena ya mambo ya kitandani.

Sasa niseme langu. Ndugu mmoja alitoka jela akaja kwangu, akaniambia ana vidonda. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Ulivitoa wapi?" Akanyamaza. Akaaga, na Jumapili hiyo hakuja. Miezi kadhaa baadaye mke wake, akiwa mjamzito, alipimwa kliniki akapatikana na kaswende. Alidungwa sindano mapema na mtoto akazaliwa mzima, Mungu ni mwema. Lakini zile wiki zote alizobeba ugonjwa bila kujua, mimi nina sehemu yangu.

Kaswende hutibiwa kwa penisilini, wapendwa. Ikiachwa, humfikia mtoto tumboni. Na mengi ya magonjwa haya hayaonyeshi dalili, kwa hivyo anayetoka jela apimwe, na mwenzake apimwe, hata kama wote wanajisikia sawa. Kama mwanao amekwambia siku ya kutembelea kwamba amelazimishwa, usingoje ibada ya Jumapili. Mwambie aende zahanati ya gereza siku hiyo hiyo, nawe useme na mkubwa wa gereza. Dawa ya kuzuia virusi lazima ianze kabla ya saa 72 kupita.

Na aliye kwenye dawa za ARV, asiziache eti kwa sababu ameombewa. Nitakuombea, na utameza. Ukitoka gerezani, toka na barua ya kukuhamishia kliniki ya karibu na kwako.

Mwezi huu kuna ndugu zetu wanatoka. Natafuta wazee wawili wa kuwasindikiza kliniki, na mama mmoja wa kuandamana na wake zao. Awe mtu anayejua kufunga mdomo. Nionane nanyi baada ya ibada ya pili.