MWANGA NDANI YA GARI, MWANGA NDANI YA NYUMBA

Somo: Mwanzo 6:14-16; Mathayo 23:25-26



Nawasalimu nyote wa hapa Nakivale, ninyi wazee mliozoea vumbi la huku na ninyi mlioshushwa na gari juzi. Leo sileti neno kutoka chuo cha Biblia. Nataka kuwaeleza jinsi Mungu alivyonifundisha kwa kazi ya mikono yangu. Ni habari yenye aibu yangu ndani yake, lakini nimeona nisiifiche.

Ukitaja Luzira hapa Uganda, wengi wanafikiria gereza tu. Ni kweli, gereza kubwa liko pale. Lakini Luzira pia ni mahali pa kazi, upande wa mashariki wa Kampala, kando ya ziwa. Kuna bandari ya Port Bell, kuna viwanda, kuna mafundi. Mwaka 2015 nilitoka hapa kwenda huko kutafuta riziki, kwa maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kule kwetu Kongo nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, basi nikapata kibarua katika gereji moja.

Lililetwa lori likiwa kichwa na chasi tupu. Mwenyewe alitaka lijengewe chumba nyuma, liwe kliniki ya kuzunguka vijijini. Alitaka kitanda cha mgonjwa, rafu za dawa, benchi la akina mama wenye watoto, vishikio vya mlangoni, na taa ndani. Mimi nikapewa kitanda na vishikio.

Nje ya gari tulijitahidi sana. Kila mshono wa kuchomelea ulisagwa kwa grinda, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi nyeupe. Wapita njia wakatusifu. Ndani nilikwenda mbio. Nyuma ya vishikio na chini ya kitanda nikasema moyoni, nani atainama kutazama? Mahali pamoja mshono haukushika vizuri, ukabaki na ufa. Badala ya kuurudia, nilijaza puti juu yake, nikapaka rangi. Pakang'aa kabisa.

Jioni moja fundi wa umeme akamaliza kufunga taa. Mzee aliyetuongoza, Mganda wa maneno machache, akasema tuzime taa za gereji na kuwasha zile za ndani ya gari. Taa nyingine zilikuwa zimefungwa chini ya rafu, kwa hiyo mwanga ulipita ubavuni mwa chuma. Kila tone la chuma nililoacha likatoa kivuli chake. Mchana sikuyaona matone hayo, jua lilikuwa likipiga kutoka mlangoni. Mzee akachukua pamba, akaipitisha nyuma ya kishikio. Nyuzi zikanaswa.

Akaniambia, "Mukongo, hapa ndipo mama atashika akiwa na uchungu wa kuzaa. Yeye hatashika rangi ya nje."

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akagonga kiungo cha kitanda kwa nyundo ndogo. Puti ikaanguka, ufa ukaonekana. Wenzangu wote wakaninyamazia. Nikasema, "Nimekosa, mzee. Nilijua." Akajibu, "Ondoa rangi yote. Anza tena." Tukafungua nyaya za betri, maana ukichomelea gari betri ikiwa imeungwa unaweza kuunguza vyombo vyake vya umeme. Siku mbili nilirudia kazi ile bila malipo.

Usiku wa siku ya kwanza nililala palepale gerejini. Usingizi haukuja. Nilifikiri juu ya nyumba yangu hapa Nakivale. Kanisani watu waliniita mtumishi. Nilisoma Neno, niliombea wagonjwa. Lakini kijana wangu wa pili alikuwa akishtuka kila nilipoinua mkono, hata kama nachukua kikombe tu. Nilikuwa nimemzoeza hivyo. Nilipokosa chakula, nilipiga kelele. Nilipokumbuka tuliyoyaacha kule nyumbani, nilipiga watu. Kisha Jumapili nikapaka rangi. Ndugu zangu, kishikio kile chenye makali nilikuwa mimi.

Tufungue sasa somo letu. Mungu alipomwagiza Nuhu kujenga safina, hakuridhika na upande wa nje. Aliagiza ipakwe lami nje na ndani pia, na akaagiza pawe na nafasi ya mwanga. Kwa nini ndani? Kwa sababu ndani ndimo familia itakamokaa. Tukihesabu tarehe za Mwanzo sura ya 7 na ya 8, Nuhu na watu wake walikaa humo mwaka mmoja na siku kumi. Sisi tumekaa zaidi. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na wapo waliozaliwa hapa na kuzaa hapa. Tusiseme basi, hii ni nyumba ya muda tu, tutatengeneza tabia zetu tukirudi kwetu. Mtoto hana utoto mwingine wa kuishi baadaye. Utoto wake ni huu, chini ya turubai hili.

Na tukumbuke kwamba Nuhu huyo huyo, aliyeshinda gharika, baadaye alilewa ndani ya hema lake, na watoto wake wakaingia katika aibu. Mtu anaweza kuvuka vita na maji, akaangukia ndani ya hema. Je, hatujawaona wengi hivyo? Je, sisi wenyewe hatumo?

Napenda tushike mambo matatu.

Kwanza, tukubali mwanga utoke ubavuni. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo wasafishe ndani ya kikombe kwanza, na nje patakuwa safi pia. Mwanga wa ubavuni ni nani? Ni mke wako, ni mume wako, ni mtoto wako. Wao wanaona matone ambayo mchungaji haoni. Muulize mtoto, "Nini kinakuumiza katika nyumba hii?" Kisha nyamaza usikilize. Usijitetee.

Pili, ufa haufunikwi kwa puti. Wengine tunasema "tusameheane" haraka haraka ili majirani wasisikie, na kesho fimbo inarudi. Ufa hufunguliwa, husafishwa, huchomelewa upya kwa moto. Na mwenye kusaga asisage kupita kiasi, maana akiutafuta ulaini tu huumaliza mshono, na kiungo huvunjika njiani. Ndivyo ilivyo amani inayomwambia mwanamke anayepigwa avumilie tu. Hiyo ni laini, lakini haina nguvu. Mama, kama unapigwa, kuomba msaada si dhambi. Nenda kwa mchungaji, kwa akina mama wa kanisa, kwa viongozi wa kijiji, kwa polisi. Kuleta jambo mwangani si kumwaibisha Mungu.

Tatu, makali huzima taa. Hili nililijifunza kwa fundi wa umeme. Kila waya ulipopita katika tundu la chuma, alivalisha tundu lile mpira kwanza. Nilimuuliza sababu. Akasema gari likitikisika barabarani, ukingo wa chuma hula ngozi ya waya polepole, mpaka siku moja taa inazimika au moto unawaka. Betri ni nzima, balbu ni nzima, lakini gizani mmo. Wazazi, tunawafundisha watoto mistari ya Biblia, tunawapeleka katika shule ya Jumapili. Imani hiyo inapita katika mikono yetu kabla ya kufika mioyoni mwao. Kama mikono ina makali, na maisha ya ukimbizi yanavyotutikisa kila siku, waya utakatika. Halafu tutashangaa kwa nini vijana wameacha kanisa.

Mwisho wa mwezi nilirudi nyumbani. Nilimwita mama watoto, nikamwita na kijana. Nikakaa chini, si juu ya kiti. Nikasema, "Nimewaumiza. Nilijua, nikafunika. Nisameheni." Mama alilia. Kijana hakunijibu neno, akatoka nje. Sikumfuata. Ilichukua miezi mingi, na siku nyingine hasira ilinipanda tena, nikatoka nje mwenyewe kabla ya kuinua mkono. Mzee mmoja wa kanisa nilimpa ruhusa aniulize kila juma. Hata leo ananiuliza.

Siku moja nilinyoosha mkono juu ya kichwa cha kijana kuchukua taa ya sola iliyoning'inia. Hakushtuka. Aliendelea kuandika kazi yake ya shule. Nilitoka nje, nikamshukuru Mungu peke yangu gizani.

Ndugu mpendwa, leo jioni, kabla ya kulala, washa taa na kusanya watu wako. Someni pamoja Mwanzo 6. Kisha uliza lile swali.

Tuombe: Ee Bwana, tuangazie ndani. Utuonyeshe makali yetu, utusage bila kutuvunja, na nyumba zetu za turubai na udongo ziwe mahali ambapo mtoto anashika bila kuumia. Kwa jina la Yesu. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo, fundi na mtumishi pamoja nanyi.