Kumwiga Bingwa

Je, yafaa mtu mdogo kumwiga mkubwa? Wazee walikwisha kujibu kwa mithali ya yule aliyemwiga tembo akapasuka msamba, na watu wengi huona neno limekwisha. Mimi sioni hivyo. Mtoto hujifunza kusema kwa kuwaiga wakubwa, na seremala hujifunza kazi kwa kumtazama fundi wake. Basi swali si kama tuige, bali tuige nini. Mfano nitautwaa katika mchezo wa gofu, maana humo kosa la mwigaji huonekana na watu wote, mpira upoteapo majanini.

Mchezo wenyewe ni huu: mtu hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha aliendee shimo la pili, hata yatimie 18, mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Wako wauchezao kuwa kazi ya riziki, na wako wengi zaidi, wachezaji wa ridhaa, wauchezao siku za mapumziko tu. Hawa huwatazama wale kwa kuwatamani, kisha huenda uwanjani kuyafanya yaleyale waliyoyaona.

Tazama habari ya Ben Hogan wa Texas. Kwa miaka mingi mpira wake ulipinda mno kwenda kushoto, ukamnyima ushindi. Alijitesa kwa mazoezi, akabadili namna ya kushika fimbo, akiugeuza kidogo mkono wa kushoto, ili mpira usikimbilie tena upande ule. Dawa ikafaa. Hata baada ya gari lake kugongwa na basi mwaka 1949, akavunjika mifupa, alirudi akashinda mashindano makuu ya Marekani mwaka 1950. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha mafundisho, na wachezaji wengi mno wakataka kushika fimbo kama yeye. Walakini mpira wa mchezaji wa kawaida atumiaye mkono wa kuume haupindi kushoto. Mara nyingi hupinda kuume. Basi aliyeshika kama Hogan aliuzidisha ugonjwa wake kwa dawa ya ugonjwa wa mwingine, na dawa yenyewe ilikuwa njema.

Hapa ndipo penye shida. Tumwonapo bingwa twaona jibu lake. Swali lake hatulioni. Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makuu mara 18, alivifunga vidole vya mikono miwili pamoja juu ya fimbo kwa kuwa mikono yake ilikuwa midogo. Mwenye viganja vipana amwigapo, aiga udogo asio nao. Na Jim Furyk, aliyefundishwa na baba yake mzazi, aliizungusha fimbo hewani kama mtu afukuzaye nyuki. Baba hakumnyosha, na mwaka 2003 mwana alishinda mashindano makuu ya Marekani. Sijui nani angependa kumwiga huyu, lakini wako.

Wengine husema kuiga hivi ni kiburi. Nadhani ni woga zaidi. Kuutazama mpira wako siku baada ya siku, na kukiri kwamba waenda kuume kwa sababu ya mkono wako mwenyewe, ni kazi chungu. Kumtazama aliye hodari ni tamu. Ndipo mtu hujificha nyuma ya sura ya bingwa asije akajiona. Tena madhara yake huwafikia wengine. Yuko achutamaye mbele ya shimo, akainuka, akazunguka, akachutama tena, kama alivyoona mabingwa wakifanya, hali walio nyuma yake wangoja juani. Kisha hupiga, akakosa. (Hata walimu wachanga huwa hivi, wakikohoa kama mkuu wao kabla ya kuanza somo.)

Lakini Bobby Jones wa Atlanta aliiga, akafaulu. Alipokuwa mtoto mdogo alimfuata uwanjani Mskoti mmoja, Stewart Maiden, aliyekuwa fundi wa mchezo, akaupata mwendo wa mikono yake kwa kumtazama tu. Mtoto hana bado kosa lililomzoea, kwa hiyo kuiga hakukumdhuru. Alipokua hakuufanya mchezo kuwa kazi yake, naye mwaka 1930 aliyashinda mashindano yote manne yaliyohesabiwa kuwa makuu wakati ule.

Liko kwake jambo lisilotaka viganja vikubwa wala vidogo, wala mgongo wenye nguvu, nalo ni nadra kuona mtu akijizoeza kuliiga mbele ya kioo. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani huko Worcester, mpira wake ulisogea kidogo majanini alipokuwa tayari kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akajihesabia pigo moja la adhabu, wala hakukubali kubembelezwa. Siku zilipokwisha alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane, mtu wa kazi hiyo. Ikawapasa kurudia kucheza wawili peke yao, na Jones akashindwa kwa pigo moja.