Motokaa Isiyochukua Mzigo

Liko swali ambalo vijana wetu wa Kigwa hupenda kuliuliza siku hizi. Huliuliza kwa kicheko, walakini chini ya kicheko chao kuna jambo la kufikiriwa na watu wazima. Wameona katika simu zao picha za motokaa ndogo sana, isiyo na paa, yenye viti viwili tu, ambayo mwenyewe ameiunda kwa mikono yake katika banda la nyuma ya nyumba. Haendi nayo kazini, wala hachukui kitu. Siku ya mapumziko huiwasha, huzunguka nayo vilimani saa mbili au tatu, kisha hurudi akaifunika kwa turubai. Basi vijana wauliza: mtu huyu amefanya vema, au amepoteza mali yake? Na Mkristo aweza kuwa na chombo cha namna hiyo pasipo kuona haya?

Haifai kuhukumu kabla ya kukijua chombo chenyewe. Asili yake ni Uingereza. Fundi mmoja, Colin Chapman, alianza kuunda motokaa za mashindano baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1957 akatoa motokaa iliyoitwa Lotus Seven. Wengine walitafuta mwendo kwa kuongeza nguvu ya injini; yeye aliutafuta kwa kupunguza uzito. Akafunga fremu ya mabomba membamba ya chuma, akaivika mabati ya alumini, akatia injini ya motokaa ya kawaida, akaacha kila kitu ambacho chombo chaweza kwenda pasipo hicho. Uzito wake ulikuwa kama kilo 500 tu. Kwa sababu hiyo injini ndogo huisukuma kwa urahisi, nayo hugeuka konani kama mbuzi. Dereva huketi karibu kabisa na ardhi, husikia kila kokoto, na upepo humpiga usoni. Kwa wapenzi wa chombo hiki, hiyo ndiyo raha yenyewe.

Wanunuzi wengi waliipata vipande vipande, wakaiunganisha wenyewe. Sababu moja ilikuwa ushuru. Sheria ya Uingereza ya siku zile ilitoza kodi motokaa iliyokamilika, lakini vipande havikutozwa, mradi muuzaji asimpe mnunuzi maagizo ya kuviunganisha. Husimuliwa ya kuwa Chapman aliweka ndani ya sanduku maagizo ya kuifungua motokaa, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nimecheka niliposikia habari hii, lakini siwezi kuisifu. Mtu aliyetii herufi za sheria na kuigeuzia kisogo maana yake hana haki ya kujiita mwerevu mbele ya jirani yake aliyelipa. Njia hiyo ilikwisha mwaka 1973, Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya na kodi ikabadilika. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki ya kuiunda motokaa ile, nayo yaendelea hata leo. Tena mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu cha kufundisha mtu kuunda motokaa ya namna hiyo kwa paundi 250, kwa kutumia chuma cha kuchomelea na viungo vya motokaa iliyochakaa. Hapo mchezo ulitoka mikononi mwa wenye fedha ukafika kwa fundi mwenye subira.

Sasa turudi kwetu. Kwa mtu wa Kigwa, neno mzigo si neno dogo. Hapa palikuwa kituo katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Lakini waliobeba ni babu zetu. Mpagazi alitwikwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu yake akafunga mkeka wake na chungu chake, akatembea miezi. Gari la moshi lilifika Tabora mwaka 1912 na kuwatua watu mizigo ile mirefu, lakini mzigo wenyewe haujatuondoka. Tazama barabarani asubuhi: baiskeli zina magunia ya mkaa hata mwenye baiskeli haonekani, pikipiki ina abiria wawili na mtoto na kuku, lori lina tumbaku. Mtu aliyezaliwa katika njia hii, akiona chombo cha magurudumu manne kisichochukua kitu, moyo wake hukataa kabla akili haijasema neno. Aona kana kwamba babu yake amedhihakiwa.

Naiheshimu hasira hiyo. Lakini wale wapagazi wenyewe wana neno la kutuambia. Mnyamwezi hakwenda pwani kwa ajili ya ujira tu. Kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, na wenzake walimcheka. Kirangozi alitangulia na bendera, amejipamba kwa manyoya, na ngoma ikalia. Mbebaji wa pembe za ndovu alitembea kwa majivuno, ingawa mzigo wake ulikuwa mzito kuliko yote. Jioni, watu waliochoka tangu alfajiri waliinuka wakacheza. Nani aliwaamuru? Katika safari ile ile mlikuwa na taabu na furaha, wala furaha haikusubiri mzigo utuliwe ndipo ianze.

Tena watoto wetu. Msomaji na apite nyuma ya nyumba yoyote ataona vigari vya waya, magurudumu yamekatwa katika kandambili zilizochakaa, na usukani umefungwa kwenye ufito mrefu ili mtoto aendeshe akiwa amesimama. Mtoto amekusanya vipande, amevipima, amekosea, amefungua, amefunga tena. Kisha akimbia nacho mpaka kisimani na kurudi, na kigari hakikuleta hata kikombe cha maji. Sijaona mzee aliyemkemea. Twasema, Ana akili mtoto huyu. Basi ni siku gani hasa jambo lililokuwa akili kwa mtoto lilipogeuka kuwa upumbavu kwa mtu mzima?

Labda mtu atajibu: siku alipoanza kutumia fedha ambazo zingewafaa maskini. Ni jibu zito. Lakini tukumbuke ni nani katika Injili aliyesema hivyo juu ya marhamu ya Bethania, akayahesabia dinari 300, na Bwana alimjibuje. Sitaki kutumia habari ile kama ngao ya matajiri, maana mwanamke yule alimimina yote juu ya mwingine, hakujipaka mwenyewe. Nasema hili tu: si kila kisicho na faida kimepotea. Mwenye Zaburi ya 104 aitazama bahari, aona merikebu zikisafiri, na mahali palepale amwona mnyama mkubwa ambaye shughuli yake ni kucheza. Hakumwambia aende akavute merikebu.

Wako wanaojaribu kuutetea mchezo kwa kuonyesha faida yake. Wao hutaja Kampala, ambako mwezi wa Novemba 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha motokaa ndogo ya watu wawili iendayo kwa umeme, iitwayo Kiira EV. Na kutoka katika juhudi ile yalizaliwa mabasi ya Kayoola. Habari hizo ni njema, nami nazifurahia. Walakini tukisema kwamba mchezo ni halali kwa sababu kesho utazaa basi, tumeutwika mzigo mlangoni kabla haujatoka. Sina budi kukubali kwamba watu wengi huunda motokaa hizi na hakuna basi litakalozaliwa kamwe.

Kwa maoni yangu kosa li mahali pengine. Twavijua vyombo vikubwa ambavyo watu huviita mashangingi. Uzito wa kimoja waweza kupita kilo 2,500, nacho huonekana njiani kikimchukua bwana mmoja na mkoba wake. Mwulize mwenyewe, atakuambia ni gari la kazi. Pengine ni kweli, kwa mtu wa vijijini wakati wa masika. Lakini mara nyingi, mjini, katika lami, ni mchezo uliovikwa koti la kazi, na mafuta yake hulipwa na watu ambao hawakualikwa kucheza. Hata sisi watumishi wa kanisa tusijifanye hatuijui tamaa hiyo. Ukiweka kando yake motokaa ya kilo 500 ambayo mwenyewe ameichomelea usiku baada ya kazi, kwa fedha zake, naye asema wazi, Hiki ni kitu cha kunifurahisha, mimi naona huyu wa pili yu karibu zaidi na kweli. Hakumdanganya mtu. Tena anakijua alicho nacho, kila nati na kila bomba. Kikivunjika ajua amelaumu mkono wa nani.

Hata hivyo hajatoka katika hukumu. Fedha ni zake, lakini barabara si yake. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikimbizwa katika barabara zilizokuwa wazi kwa watu wote. Tuliwashangilia mashujaa wake, kama Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na sifa hiyo walistahili, kwa kuwa ustadi wao ulikuwa mkubwa. Lakini mama mwenye kuni kichwani, mchungaji na ng'ombe zake, mtoto atokaye shuleni, hao hawakuandikishwa katika mashindano, nao walikuwa ndani ya uwanja. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mbio zilifanywa upande wa Naivasha, katika sehemu zilizofungwa. Hilo ni jema kuliko lile la kwanza. Yehu wa Israeli alijulikana kutoka mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake. Sidhani kwamba wenye miguu waliokuwa njiani siku ile walimsifu. Chombo chepesi chajaribu moyo kuliko kizito, maana mwendo wake ndio raha yake, na njia ya lami iendayo Itigi imenyoka, yamwita mtu. Kwa hiyo kijana akiniuliza kama aweza kuwa nayo, mimi namwuliza kwanza ataiendesha wapi, na saa ngapi.

Swali la pili ni la nyumbani. Mwenye watoto wanaorudishwa shule kwa sababu ya ada hana motokaa ya mchezo, hata kama jina lake li katika kadi. Ile ni ada iliyopakwa rangi. Sioni haja ya kusema zaidi juu ya hilo.

La tatu vijana hawalifikirii, kwa kuwa picha zatoka katika nchi ambako kila nyumba ina motokaa, na mtu akiugua huita gari la wagonjwa. Huku kwetu mwenye chombo cha moto hugongewa mlango usiku. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu aijua: uchungu ukimshika mwanamke saa nane za usiku, watu hawaulizi motokaa yako ni ya kazi au ya kucheza. Watakuja na taa. Watakuta chombo kisicho na paa, tumbo lake likikaribia kugusa ardhi, mahali pa abiria mmoja tu. Aliyekiunda hakuwaza habari za mashimo ya njia yetu wala za mgonjwa. Basi ataondoa turubai. Wataweka blanketi juu ya kiti cha kushoto, mama mkwe atafuata kwa pikipiki, naye mwenye motokaa, ambayo iliundwa ili ikimbie, ataiendesha polepole sana mpaka hospitali.